Njoo na Fundi Wako

Katika matangazo ya magari yaliyotumika nchini Tanzania yapo maneno manne ambayo ni nadra kukosekana: njoo na fundi wako. Hutanguliwa na sifa za kawaida, kwamba injini na giaboksi ni safi, kiyoyozi kinagandisha, gari halidaiwi, mmiliki ni mmoja, na kazi ya mnunuzi ni kuweka mafuta na kuondoka. Kisha muuzaji anahitimisha kwa mwaliko huo, na msomaji anaupokea kama ushahidi wa moyo mweupe. Mtu mwenye jambo la kuficha angemkaribishaje fundi?

Ninadai kwamba kwa aina moja ya magari mwaliko huo haumlindi mnunuzi, bali humlinda muuzaji. Nazungumzia sedani za kasi zilizoongezewa nguvu baada ya kutoka kiwandani: Subaru Impreza na Legacy B4, Toyota Altezza, Mark X na nyinginezo ambazo vijana wetu huzitambua kwa mlio kabla hawajaziona. Biashara ya magari haya inaonekana kuwa jambo dogo, la watu wawili na dalali wao. Naomba msomaji anivumilie, hasa msomaji aliye mtumishi wa umma, kwa maana ndani yake kuna swali la nani anapaswa kusema ukweli, kwa nani, na wakati gani.

Mapenzi ya Afrika Mashariki kwa magari haya hayakuzuka hivi hivi. Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiendesha Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, na Richard Burns akarudia ushindi huo mwaka 2000 kwa gari la jina hilohilo. Kizazi kizima kilikua na picha hiyo. Baadaye, magari ya ukoo huo yalipoanza kushuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika, mwajiriwa wa kawaida aliweza kununua kitu kilichofanana na ndoto yake ya utotoni. Lakini kilichofika kilikuwa kimefungwa hatamu huko kilikotoka. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano, yaliyodumu tangu 1989 hadi 2004, ya kutotangaza gari la soko la ndani lenye zaidi ya nguvu za farasi 280, na magari yao mengi huzuiwa na kompyuta yasivuke kilomita 180 kwa saa. Kazi ya kwanza ambayo kijana humpa fundi ni kuziondoa hatamu hizo. Wala simlaumu sana. Fundi anayeweza kuifungua injini ya boksa chini ya mwembe, akaisuka upya na ikawaka, ana elimu ambayo vyuo vyetu havijajifunza kuiheshimu.

Nilijikuta katika biashara hii kwa sababu ya undugu. Mdogo wangu alipopata kazi nje ya nchi aliniachia Impreza WRX yake niiuze, pamoja na bahasha nene ya risiti. Gari hilo lina injini ya lita mbili yenye turbo, ambayo kiwandani ilipewa nguvu za farasi 250. Yeye hakuridhika. Kwa muda wa miaka minne alibadilisha eksozi, akaondoa masega, akaweka kipoza-hewa kikubwa zaidi mbele, nozeli kubwa na pampu ya mafuta yenye nguvu, shokapu ngumu zilizolishusha gari, rimu za inchi 18 na breki kubwa za mbele. Mwisho alimpelekea mtaalamu kompyuta ya injini ili programu yake iandikwe upya ilingane na vyote hivyo. Kila kitu kilikuwa na tarehe na bei. Mdogo wangu ni mhasibu, na uhasibu humfuata mtu hata katika maraha yake.

Dalali niliyeelekezwa kwake alilizunguka gari mara mbili, akaketi, akanieleza mpango. Nauandika hapa bila jina lake, kwa kuwa nimekuja kugundua kwamba si mpango wake peke yake.

“Dokta,” aliniambia, “gari likiwa hivi utauza kwa hasara. Watu wanaogopa gari lililoguswa. Rudisha vitu vyake. Rimu uza peke yake, breki uza peke yake, shokapu uza peke yake, hizo zina wateja wake. Nozeli na pampu vilevile. Tafuta vya kawaida Ilala, funga. Gari linasimama kama lilivyotoka meli, na hela ya vitu umeshaweka mfukoni.”

Nikamuuliza kuhusu kompyuta. Akacheka kwa upole, kama mtu anayemhurumia msomi. “Hiyo nani ataiona?”

Nilikwenda na swali hilo kwa fundi aliyekuwa akilihudumia gari, mtu mtulivu ambaye huniita mwalimu ingawa siku hiyo mwalimu alikuwa yeye. Alinieleza hivi. Injini ya petroli huchoma mafuta na hewa kwa uwiano fulani. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yazidi. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya nozeli kubwa huamuru nozeli zifunguke kwa muda mfupi, kwa sababu kila zinapofunguka hutoa mafuta mengi. Ukizitoa hizo ukaweka ndogo na kuiacha programu ileile, nozeli ndogo zitafunguka kwa muda uleule mfupi na kutoa mafuta pungufu. Uwezekano ni kwamba gari litawaka kwa tabu na mnunuzi atashtuka. Basi kuna watakaolirekebisha kidogo, litulie likiwa limesimama, huku mgandamizo wa turbo ukibaki juu kama ulivyowekwa. Likikanyagwa barabarani, moto ndani ya silinda unazidi kiasi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni zinapasuka. Isitoshe, programu za namna hii mara nyingi huandikwa kwa kutegemea petroli yenye oktani ya juu, na petroli inayouzwa Japani kwa daraja hilo hufikia oktani 100. Vituo vyetu haviuzi petroli ya namna hiyo.

“Na breki je?” nikamuuliza.

“Breki ndogo zitasimamisha gari,” alinijibu, “mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zikishapata moto, usiniulize.”

Hapa ndipo jambo lilipoacha kuwa la mdogo wangu na bei yake. Tuutazame vizuri ushauri wa soko. Soko linasema: ondoa kinachoonekana, acha kisichoonekana. Na katika gari lililoongezewa nguvu, vinavyoonekana na kuuzika kirahisi ni vile vinavyolizuia na kulituliza, yaani breki, shokapu na matairi mapana. Kisichoonekana ni nguvu yenyewe. Kwa hiyo gari “lililorudishwa” linaweza kuwa na nguvu za gari la mashindano na breki za gari la kwendea kazini. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne anajua kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kumezwa na breki huongezeka mara nne. Sheria yetu huweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Gari hili hufika mara mbili ya hapo kabla dereva hajamaliza sentensi. Yule anayevuka Barabara ya Bagamoyo akiwa na ndoo ya samaki kichwani hakualikwa aje na fundi wake.

Na fundi akialikwa, ataona nini? Atasikiliza injini, atachungulia oili, ataangalia moshi, atalala chini kutafuta uvujaji, atalizungusha gari mtaa mmoja. Ni vipimo vizuri kwa gari la kawaida. Lakini programu ya kompyuta haina moshi wala harufu. Ili aione, anahitaji vifaa, anahitaji saa kadhaa, na zaidi ya yote anahitaji kujua kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Anayelijua hilo ni mmoja tu, naye ndiye aliyeandika tangazo.

Wanasheria wataniambia kwamba hili limekwisha kushughulikiwa. Nimesoma, na majibu yao yananitia mashaka zaidi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, inahesabu kuwa ni ulaghai mtu kuficha kwa makusudi jambo analolijua. Hapo dalali wangu na mpango wake wangebanwa. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kunyamaza peke yake kwa kawaida si ulaghai, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema au ukimya wake ni sawa na kauli. Na hata pale ukimya ulipokuwa wa ulaghai, aliyedanganywa hawezi kuuvunja mkataba ikiwa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Msomaji ameona? Njoo na fundi wako ni kinga ya kisheria iliyofungwa katika maneno ya ukarimu. Mnunuzi akija kulalamika baada ya miezi miwili, jibu liko tayari: ulipewa nafasi, fundi wako alikuja, akalikubali. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya 1893, na masharti yake kuhusu ubora humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko anayenunua kwa jirani. Jirani anauza gari moja katika miaka mitano. Sheria haimwoni kama mfanyabiashara.

Wenye magari haya wanapenda kutaja Japani kama Waislamu wanavyotaja Makka, basi na tutaje Japani. Huko gari dogo la abiria hukaguliwa miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka miwili. Mabadiliko makubwa ya umbo au injini hupelekwa yakakaguliwe na kuandikwa katika hati za gari. Likiuzwa mnadani, huambatana na karatasi yenye mchoro wa bodi, na juu ya mchoro huo kila mkwaruzo umewekwa alama yake: A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. Mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika Japani anaweza kujua kwamba mlango wa nyuma wa kushoto una mkwaruzo wa urefu wa kidole. Gari hilohilo likishavuka bahari na kukaa hapa miaka mitano, likafunguliwa injini na kuandikwa upya akili yake, tunachojua juu yake ni herufi ya namba. Ni namba C au ni namba D? Hilo ndilo swali letu la ukaguzi.

Nilijaribu njia nyingine. Niliandika ukurasa mmoja: nini kimebadilishwa, lini, nini kimebaki cha kiwandani, programu inahitaji nini, na nini kisitolewe bila kingine kutolewa. Nikauambatanisha na risiti na kulitangaza gari kama lilivyo hasa. Wakaja watu. Mmoja alikuwa kijana mwenye ajira ya mwaka wa kwanza, aliyefuatana na dada yake, akiwa amekwisha kuomba mkopo wa mshahara. Alinisalimu kwa adabu, akaomba asikie mlio. Alipousikia, uso wake ulifunguka. Kisha nikampa faili. Alilisoma kurasa mbili, akalirudisha kwa mikono miwili.

“Mwalimu, samahani. Gari lenye faili linaonekana lina matatizo.”

Dada yake alitaka kuendelea kuuliza. Yeye alikwisha kupoa. Jioni alinitumia ujumbe kwamba amepata jingine la aina hiyo, “halijaguswa kabisa”, kwa bei ya juu kuliko niliyomtajia. Sijui gari alilonunua lina nini ndani. Hakuna anayejua isipokuwa aliyemuuzia, na mkopo utakatwa katika mshahara kwa miaka kadhaa, injini ikiwa nzima au ikiwa imekufa.

Simlaumu kijana. Amelelewa na soko ambamo karatasi nyingi humaanisha kesi, na ukimya humaanisha usafi. Sisi wenyewe tumemfundisha. Tazama matangazo ya minada ya magari ya serikali, yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za umma: gari litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Taasisi iliyolimiliki gari kwa miaka kumi, yenye daftari la safari na kumbukumbu za matengenezo, inaliuza kama kitu kilichookotwa. Kumbukumbu zipo. Zimo kwenye jalada kabatini. Haziambatani na gari kwa sababu hakuna aliyeagiza ziambatane. Kama mwenye jalada hana wajibu wa kulifungua, tutamdai nini mwenye yadi?

Ninachopendekeza hakihitaji mamlaka mpya, wala kikosi kazi, wala warsha Dodoma. Uhamisho wa umiliki wa gari tayari unadai mkataba wa mauzo. Mikataba mingi huchapwa kwenye maduka ya steshenari kutoka katika kielelezo kimoja, chenye sentensi kwamba mnunuzi ameliona gari na kuridhika nalo. Ongezeni kiambatanisho cha ukurasa mmoja ambamo muuzaji anatamka, kwa kadiri anavyojua, kama injini, kompyuta, turbo, breki na mfumo wa mafuta vimebadilishwa, na vimebadilishwaje. Asiyejua aandike kwamba hajui. Hilo nalo ni taarifa. Kwa sentensi hiyo moja iliyotiwa saini, ukimya unageuka kuwa kauli, na kauli ikiwa ya uongo sheria tuliyo nayo tayari inajua la kuifanya.

Nimeambiwa kwamba watu watadanganya. Watadanganya, ndiyo, lakini leo hawana hata haja ya kudanganya. Nimeambiwa pia kwamba mafundi watakosa kazi, na hofu hii naipa uzito zaidi kwa sababu ni riziki. Lakini fundi mzuri ndiye anayeumizwa na hali ya sasa. Kazi yake ya uangalifu na kazi ya mbabaishaji huuzwa kwa jina moja, “limeguswa”, na zote mbili hufichwa. Mahali ambapo mabadiliko huandikwa, jina la aliyeyafanya linaanza kuwa na thamani.

Kuna pia bima, ambayo watu huikumbuka wakiwa wamelala wodini. Mkataba wa bima umejengwa juu ya wajibu wa mwombaji kueleza mambo ya msingi kuhusu anachokikatia bima. Aliyenunua gari bila kujua kwamba limeongezewa nguvu hawezi kueleza asichokijua, lakini siku ya ajali mkaguzi wa kampuni atakifungua kilichofungwa, na mabishano kuhusu bima kubwa yataanzia hapo. Kijana huyo atakuwa amelipia gari, mkopo na bima, kisha atabaki na deni na chuma.

Gari la mdogo wangu lilinunuliwa hatimaye na mtu wa Arusha anayejua magari ya mbio, kwa pungufu ya milioni tatu kuliko hesabu ya dalali. Mdogo wangu alinung'unika kwa simu, nami nikamwachia anung'unike. Fedha ilikuwa yake. Mnunuzi alilisoma faili lote mbele yangu, akauliza maswali mawili kuhusu programu, akampigia fundi simu. Tulikwenda kwa wakili tukiwa na mkataba wa kurasa mbili na ukurasa wangu wa tatu. Wakili aliusoma huo wa tatu kwa muda mrefu kuliko mingine, akauliza kama ni wa lazima. Nikamwambia kwamba kwa sasa si wa lazima. Akaugonga muhuri hata hivyo, akaongeza gharama ya ukurasa mmoja.